Udongo wa Mama Namkunda

Kanuni ya kwanza ya mahojiano ya mikono ni kwamba mhoji hapokei akiwa amesimama. Aikaruwa Lyatuu aliipuuza mara moja tu, alipokuwa mgeni katika kazi, akaanguka juu ya meza ya watu na sahani zao. Tangu siku hiyo huketi kwanza, huegemea ukuta, huvua saa na pete, ndipo hunyoosha viganja.

"Umekaa kama mtu anayengojea kunyolewa," Nakijwa, mama yake Namkunda, alimwambia kutoka kitandani.

"Mama Namkunda, nipe kitu changu uache maneno."

"Chako tangu lini? Mchaga akishakiona kitu, tayari ni chake."

Kitu chenyewe kilikuwa donge la udongo mkavu lenye ukubwa wa kiazi kikuu, na ubaya wake pia. Nakijwa alilifinyanga Jumatatu, akiwa amevaa mkononi kile kikuku chembamba kinachokusanya habari za mwili na kuzipeleka kwenye vidole. Bibi yake alikuwa mfinyanzi wa kusifika huku Usangi, vyungu vyake vikishuka mlima hadi Mwanga. Yeye alikimbilia kufundisha jiografia ili asishike tope maishani, na sasa, miaka sitini na ushei, tope lilikuwa limemfuata kitandani. Upande mmoja wa donge alikuwa ameacha shimo la kuingia dole gumba. Aika aliingiza lake, akafumba macho.

Mwanzoni hayakuwa maumivu. Ilikuwa ile hali ya kuingia nyumbani kwako gizani ukakuta mtu amehamisha viti. Miguu ilikuwepo, lakini haikuwa pale alipoiacha. Kisha mifupa ya mapaja ikaanza kuchokonolewa kwa ndani, taratibu, na mtu asiye na haraka ya kumaliza. Mdomoni kukawa na ladha ya msumari. Mwisho ukamshukia uchovu wa namna ambayo hata akilala mwaka mzima angeamka nao. Aika alitoa dole gumba, akahema, akaliweka donge juu ya kitambaa mapajani.

Hapo ndipo maswali huanza. Mhoji haulizi kabla ya kupokea, maana hajui bado anachouliza.

"Hao waliohamisha viti," alisema, "ni mafundi?"

"Ni nani mwingine?"

Mafundi ndilo jina walilopewa na watu. Madaktari wana jina lao refu ambalo halikai mdomoni. Ni mashine ndogo kuliko chembe ya damu. Hudungwa mkononi, hupenya hadi kwenye uboho wa mifupa, na kule huharibu palipooza na kujenga upya. Mzunguko wa kwanza ulimpata Nakijwa akiwa wa kuhesabiwa siku, ukamrudisha. Hilo halikuwa na mbishi, hata yeye mwenyewe. Lakini mzunguko wa kwanza ni wa muda, mafundi wale hufa na kutoka. Wa pili ndio wa kudumu. Wakishaingia safari ya pili hawatoki tena, na mgonjwa huweza kuishi nao miaka kumi, pengine zaidi. Asipoupata, ugonjwa hurudi, na hatavuka msimu mmoja wa mvua. Muuguzi alikuwa aje Ijumaa.

"Nimekuwa mpangaji, mtani," Nakijwa alisema. "Nalala ndani ya mwili wa watu. Nikitaka kujigeuza ni kama naomba ruhusa. Miezi hii nimeivumilia kwa sababu najua wataondoka. Kuishi nao hadi mwisho, sitaki."

"Hutaki mzunguko wa pili."

"Sitaki."

"Baba Namkunda anajua?"

Nakijwa alitazama mlango. Jikoni mumewe alikuwa akipuliza moto na kuimba kwa sauti ya chini, vibaya.

"Hajui, na wewe hutamwambia. Kifungu cha nne: lililopokelewa na mpokeaji halitatoka kinywani mwake wala mkononi mwake bila idhini ya mfinyanzi. Nilikisoma mara tatu kabla ya kuweka kidole."

"Mpare na vifungu."

"Ndivyo vilivyotubakiza duniani." Alitabasamu, kisha tabasamu likamwishia. "Yule mtu ameacha nyuki wake, Aika. Mizinga imehamwa. Amejifunza kunisuka nywele kwa sababu mikono yangu haipandi. Umewahi kumwona mzee wa miaka sabini akijifunza twende kilioni? Sasa nimwambie nini? Kwamba asante kwa yote, lakini sikutaka?"

Aika alivaa tena saa na pete. Alifunga donge kwenye kitambaa, akalitia mkobani, akamwambia atakuja Ijumaa.

*

Mzee Kiangi, mume wa Nakijwa, alimsindikiza Aika hadi getini, kama alivyofanya kila mara. Walipita chini ya nyavu za ukungu, zile zinazokinga maji ya hewani tangu mito ya juu ilipokauka, na matone yakawadondokea shingoni. Kiangi alikuwa mrefu, mwenye mikono mikubwa iliyojaa makovu ya nyuki. Alisimama kabla ya kufungua geti, na Aika akajua kwamba leo hataachiwa kirahisi.

"Nikuulize kama mtani, siyo kama daktari."

"Uliza, Baba. Ila nitakujibu kama daktari."

"Anaumia?"

"Muulize yeye."

"Namuuliza kila asubuhi. Ananijibu, sijambo. Nimuulizeje tena, kwa Kijerumani?"

Hapo mzee alikuwa ameligusa jambo lenyewe. Udongo sikivu ulibuniwa kwa sababu ya hiyo sijambo. Zamani hospitali zilikuwa zikiwataka wagonjwa wayape maumivu yao alama, kuanzia moja hadi kumi, na wagonjwa wa nchi hii walikuwa wakijibu, "Tunamshukuru Mungu," ambayo si namba. Mtu amefundishwa tangu utotoni kwamba akiulizwa hali aseme njema, kisha ndipo aanze kueleza kwamba nyumba imeungua. Tena wahenga walikwisha kukata tamaa, wakasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi wataalamu wakatafuta njia ya kuupita ulimi. Wakagundua kwamba mtu akifinyanga, hata asiyejua kufinyanga, mikono husema kile ambacho kinywa kimekizuia, na kwa chembechembe walizochanganya katika udongo, kauli ile hubaki humo hata donge likikauka. Anayelishika analala juu ya kitanda cha mwenzake kwa pumzi chache. Kunguni wote anakutana nao.

"Anacheka," Kiangi alisema. "Juzi nimemsimulia habari za jogoo wa jirani, amecheka mpaka akashika mbavu. Mtu anayeumia sana hacheki hivyo. Sivyo?"

Aika alirekebisha kamba ya mkoba begani.

"Kwa hiyo Ijumaa tunaendelea. Lakini moyo wangu..." Alishusha macho hadi mkobani. "Kile kitu cha udongo kimo humo, siyo? Nipe nikishike. Mara moja tu, hapahapa getini."

Mikono ile mikubwa ilikuwa imekwisha kunyooshwa, na Aika alitamani kumpa. Alitamani sana kiasi kwamba alilikumbatia begi kama mtoto.

"Siwezi, Baba. Si changu."

"Mimi ni mumewe."

"Najua."

Kiangi aliishusha mikono. Hakukasirika, na hilo lilimuumiza Aika zaidi. Alifungua geti, akamtakia safari njema, na kumwagizia salamu kwa mama yake kule Machame.

Njiani kuteremka Aika alimpigia Profesa Shemweta, mkuu wa utafiti, sauti yake ikajaa ndani ya gari. Alimweleza bila kutaja jina.

"Kazi yetu ni kupokea," Profesa alisema. "Hatukuajiriwa kupeleka. Unakumbuka ya Handeni?"

Aika aliikumbuka, kila mhoji husimuliwa. Mwenzao mmoja, kwa huruma tu, alimpa baba udongo wa mwanawe kijana. Baba alilia, akamkumbatia mtoto, watu wakadhani ni heri. Kijana hakusema tena na baba yake, wala na daktari yeyote, hadi alipokufa. Alikuwa amevuliwa nguo mbele ya mtu aliyemheshimu kuliko wote, na hakuna aliyemwuliza.

"Na mgonjwa akikubali mzunguko wa pili kwa sababu ya kuona haya tu?"

"Basi amekubali. Watu wamekuwa wakikubali mambo kwa kuona haya tangu dunia iumbwe. Ndoa ngapi zimefungwa hivyo?"

"Profesa, ndoa unaweza kuivunja. Hawa hawatoki."

Profesa alisema kwamba ndiyo, anajua, na kwamba kifungu cha nne kinabaki kifungu cha nne.

*

Ijumaa muuguzi alifika kabla ya Aika. Jina lake Zawena, msichana mpole mwenye kisanduku cheupe kilichotoa mvuke wa baridi kila alipokifungua. Ndani mlikuwa na bomba moja la sindano lenye kimiminika cha rangi ya chai ya rangi. Kiangi alikuwa amevaa shati la kutokea. Alimsuka mkewe asubuhi ile, na mistari ilikuwa imekwenda upande, lakini ilikuwa imekaza.

"Mtani umekuja kushuhudia," Nakijwa alisema. Uso wake ulikuwa mkavu.

"Nimefuata makande. Nimeyasikia tangu getini."

Aika aliketi kwenye kigoda, mkoba mapajani. Usiku kucha alikuwa ameligeuza jambo hili na kulirudia. Kusema hawezi. Kumpa mzee donge hawezi. Kunyamaza anaweza, tena kunyamaza ndiyo kazi, ila alikuwa amelishika lile donge kwa dole gumba lake mwenyewe na sasa alijua viti vimehamishwa vipi. Mtu akishajua hivyo, kunyamaza kwake hakufanani tena na kunyamaza kwa asiyejua.

Zawena alisoma maelezo, kama sheria inavyotaka. Aliuliza kama mgonjwa ameyaelewa. Nakijwa alisema ameyaelewa. Akaunyoosha mkono.

Aliunyoosha taratibu, kiganja juu, akimtazama mumewe na siyo sindano. Kiangi alimtikisia kichwa kumtia moyo. Nyuso zote mbili zilikuwa na ujasiri mwingi mno, na Aika akahisi hasira ambayo hakuitarajia.

"Dada Zawena, ngoja kwanza," alisema. "Hapa kuna kesi."

Wote walimgeukia.

"Kesi gani?" Zawena aliuliza.

"Wewe ni wa wapi, dada?"

"Tunduru."

"Basi hujui. Hawa ni Wapare, na mimi ni mtani wao. Mpare atauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Akikaa muda mrefu bila kumshtaki mtu, damu inaganda. Huwezi kumdunga mtu mwenye damu iliyoganda. Mama Namkunda, mara ya mwisho umemshtaki nani?"

Kwa watani neno kama hilo halina tusi. Hata msibani mtani hukaa mlangoni akamsema marehemu, na anayenuna ndiye mwenye kosa. Kiangi alicheka kwanza. Nakijwa alichelewa. Alimwangalia Aika kwa jicho jembamba la mwalimu aliyeona mwanafunzi amekunja karatasi chini ya dawati.

"Tangu niugue sijamshtaki mtu," alisema hatimaye.

"Ndiyo maana. Mshtaki mtu sasa hivi. Hakimu ni mimi, maana sina ndugu humu ndani."

"Hakimu Mchaga! Atahongwa kwa pombe ya mbege," Kiangi alisema, akaketi kwenye kiti chake kama mtu aliyepata burudani aliyokuwa akiihitaji. "Haya, ni nani anashtakiwa?"

"Wewe," mkewe alimwambia.

"Mimi tena!"

"Shtaka la kwanza. Makande yako hayana chumvi."

"Daktari alikataza chumvi."

"Mshtakiwa anakiri," Aika alisema. "La pili."

"La pili. Ananiamsha usiku kuniuliza kama nimelala."

Zawena aliziba mdomo kwa kiganja. Kiangi hakucheka. "Nilikuwa nahakikisha," alisema.

"Unahakikisha nini?"

"Kama unapumua."

Aika alijua kwamba hapa angeweza kuacha. Mzaha ungeishia kwenye makande, sindano ingeingia, na yeye hangekuwa amevunja lolote. Alijua pia anachofanya. Hakuwa amemwambia mzee neno hata moja, lakini alikuwa akimsukuma mwanamke mgonjwa kuelekea mlango ambao mwenyewe aliufunga, na utani haukumfanya asiwe msukumaji. Kama atakosea, itakuwa Handeni ya pili, na itakuwa yake.

"La tatu," alisema. Sauti ilimtoka ndogo. "Kama lipo. Kama halipo, mahakama inafungwa, nami naomba radhi."

Nakijwa alikuwa bado ameunyoosha mkono. Aliutazama kana kwamba umeletwa na mtu mwingine.

"Lipo," alisema. "La tatu, anakihesabu kicheko changu. Nikicheka, anakwenda kumwambia kila mtu kwamba nimepona. Nimefika mahali nacheka kwa ajili yake, halafu naogopa kucheka."

"Mama Namkunda," Kiangi alisema.

"Ngoja, mshtakiwa hasemi sasa." Aliurudisha mkono chini ya shuka. "Hakimu, niulize kama nina kielelezo."

"Una kielelezo?"

"Ninacho. Umekishika wewe. Nipe."

Mfinyanzi akitaka udongo wake, hapingwi. Aika alikifungua kitambaa na kuliweka donge kwenye kiganja cha Nakijwa, naye akalishika kwa muda, akiligeuza, kama mama anayelikagua sikio la mtoto kabla ya kumpeleka kwa watu. Kisha akamwita mumewe aketi kwenye kiti chenye mgongo na aegemee. Akamshika mkono, akalifungua dole gumba lake nene, akaliingiza shimoni yeye mwenyewe.

Kiangi alishtuka mara moja, mabega yakapanda. Mhoji mwenye uzoefu huondoa mkono baada ya pumzi chache. Yeye hakuondoa. Zawena alimsogelea kwa wasiwasi, mzee akamzuia kwa mkono wa pili. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Alikuwa akiangalia miguu yake sakafuni kama mtu asiye na hakika nayo.

"Hii ni ya siku gani?" aliuliza.

"Jumatatu."

"Jumatatu nilikusimulia ya jogoo."

"Ndiyo."

"Ulicheka."

"Nilicheka kweli, mume wangu. Jogoo yule alinichekesha. Na hiyo ilikuwepo."

"Kwa wakati mmoja?"

"Kwa wakati mmoja."

Alilitoa dole gumba polepole. Hakulirudisha donge kwa Aika; alilishika kwa mikono ile iliyozoea nyuki. Kisha akamwambia muuguzi, bila kugeuka, "Dada, funga sanduku lako."

"Baba, samahani," Zawena alisema kwa upole. "Mwenye kusema ni mgonjwa."

Ilikuwa haki, na wote wakamtazama Nakijwa. Jambo alilolitaka kwa miezi lilikuwa limewekwa mbele yake, na hapakuwa tena na mume wa kumlinda asijue wala kifungu cha kujifichia nyuma yake. Nje nyavu zilikuwa zikidondosha maji kwenye mapipa.

"Funga," Nakijwa alisema.

Kifuniko kilibana, mvuke ukakatika. Zawena alikichukua kisanduku, akatoka nacho kimyakimya hadi barazani. Aika naye alisimama. Kanuni inataka mtu akishapokea maswali yafuate, na kinasa sauti kilikuwa bado kinafanya kazi mkobani. Alikizima.

"Sasa ndiyo naogopa," alimsikia Nakijwa akisema nyuma yake.

"Mimi nimeogopa tangu siku ya kwanza," Kiangi alimjibu. "Nilikuwa naimba ili usisikie."

Nakijwa alijisogeza kwa taabu, kidogo kidogo, akaacha nafasi ukingoni mwa kitanda. Mzee alivua viatu, akapanda, akalala kando yake na shati lake la kutokea.